Kila ubongo ukichokozwa kwa umeme au dawa unaanguka kifafa? Wajuzi karibuni

#1 Mchunguzi wa Mbagala
Wakuu, salama? Kijiweni jana tumebishana mpaka muuza kahawa akatufukuza. Mwenzetu mmoja anadai hakuna ubongo usioanguka. Mchukue mtu mzima mwenye afya, ambaye ukoo wake wote hakuna aliyewahi kuanguka, mpitishie kichwani umeme wa kutosha au mchome sindano ya dawa fulani. Atakakamaa, atatikisika na kutoa povu vilevile. Kwa maneno yake, kifafa hakiingii kutoka nje, kila kichwa kina uwezo wa kukifanya.

Mimi nilikataa. Maswali yangu mawili: ni kweli? Na kama ni kweli, mbona kuna wanaoanguka bila kuguswa na chochote, na mafundi umeme wanapigwa shoti kila wiki na bado wanadunda?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Wenye madini shusheni.

#3 Mtegua Mitego
Umeme umefika kijijini kwetu juzi tu, na kifafa kilikuwepo enzi za babu wa babu. Hayo ni majini, mnazunguka tu.

#4 Zamu ya Usiku
Mtoa mada, mwenzako wa kijiweni kwa sehemu kubwa yuko sahihi.

Mwaka 1870 kule Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walifungua mafuvu ya mbwa wakagusisha nyaya mbili juu ya ubongo. Nguvu ya umeme waliipima kwa ulimi wao wenyewe: ukigusa ncha ya ulimi ukasikia kidogo, basi huo unatosha. Wakigusa sehemu fulani upande wa kushoto wa ubongo, mguu wa kulia unajirusha. Hilo ndilo lililowapa jina. Lakini waliona jingine: baadhi ya mbwa, hata baada ya nyaya kuondolewa, waliendelea kutikisika mpaka wakaanguka kifafa kamili. Umeme wa nje umekwisha, seli zinaendelea zenyewe. Hapo ndipo fumbo lote lilipo.

Mwaka 1873 David Ferrier, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Wakefield, Uingereza, akatumia mkondo wa aina nyingine na kuushikilia muda mrefu zaidi. Aliona mtikisiko ukianza sehemu moja ya mwili, ukisambaa hatua kwa hatua mpaka mnyama mzima anatikisika. John Hughlings Jackson alikuwa ameshawaona wagonjwa wake London wakianza hivyohivyo: kidole gumba, kisha mkono, kisha uso. Akasema kifafa ni seli za ubongo kujimwaga ghafla na kupita kiasi. Wakati huo mashine ya kurekodi mawimbi ya ubongo ilikuwa haijazaliwa. Alifika hapo kwa kuangalia wagonjwa tu.

#5 Fundi Waya
Mimi ni fundi, na kuhusu swali la pili la mtoa mada nina jibu la kifundi. Shoti ya kawaida inaingia mkononi inatokea mguuni. Inapita kifuani, haipiti kichwani. Ndiyo maana kinachotuua sisi ni moyo. Ili ubongo uanguke kwa umeme lazima mkondo upite kichwani, na fuvu ni kizuizi kikubwa, sehemu kubwa ya mkondo inapitia kwenye ngozi ya kichwa.

Ila nina binamu alinaswa na waya akiwa juu ya nguzo, umeme ukaingia kichwani karibu na sikio. Alianguka kifafa palepale. Alipona kidonda, lakini baada ya miezi akaanza kuanguka bila umeme wowote. Sasa kilichomwangusha ni shoti, au ni kule kugonga kichwa chini? Madaktari wawili walimpa majibu mawili.

#6 Madam Baiolojia
Zamu ya Usiku umeeleza historia, ngoja nieleze kinachotokea ndani.

Seli za ubongo zinatumia umeme muda wote. Sodiamu ikiingia ndani ya seli, seli inafyatuka. Potasiamu ikitoka, inatulia. Kati ya seli na seli zinatumwa kemikali: glutameti inachochea, GABA inatuliza. Ubongo wenye afya ni kama Kariakoo saa nne asubuhi: kelele nyingi, lakini kila mtu na biashara yake. Kifafa ni pale soko zima linapopiga ukelele "mwizi!" kwa wakati mmoja. Kazi zote zinasimama.

Umeme unaotoka nje unalazimisha seli nyingi zifyatuke pamoja. Kemikali zinafika palepale kwa njia nyingine: ama unaiga glutameti, ama unaizuia GABA isitulize. Kwa hiyo ndiyo, kila ubongo una kizingiti, yaani kiwango cha kuchokozwa ambacho ukikivuka unaanguka. Cha mwingine kiko juu, cha mwingine kiko chini, na kwa mtu huyohuyo kinashuka akiwa na homa, asipolala, sukari au chumvi ya damu ikishuka.

#7 Mtegua Mitego
Na jini naye akishika kizingiti?

#8 Siti ya Mbele
Mkuu wewe acha watu wafanye kazi 😂

#9 Mchunguzi wa Mbagala
Shukrani wote. Hizo kemikali ni zipi hasa? Isije ikawa tunazila nyumbani bila kujua.

#10 Mfamasia Mstaafu
Nimekaa dirishani kwenye maduka ya dawa miaka mingi, nikupe mfano mmoja wa zamani na mingine ya leo.

Daktari mmoja wa Hungaria, Ladislas Meduna, aliamini kwamba kifafa na skizofrenia, ugonjwa mmoja mzito wa akili, ni maadui, haviwezi kukaa kichwa kimoja. Basi akaamua kuwaangusha kifafa kwa makusudi wagonjwa wa akili. Januari 1934, Budapest, akaanza kuwachoma sindano ya kafuri iliyoyeyushwa kwenye mafuta. Kafuri ilikuwa inachelewa, huwezi kujua mtu ataanguka saa ngapi, akahamia dawa iliyoitwa Cardiazol. Hiyo ilikuwa haraka mno, na kabla ya kuanguka mgonjwa alishikwa na hofu ya kifo, wengi wakawa wanaikimbia sindano. Nadharia yake baadaye ilionekana haisimami, kwani watu wenye kifafa wanapata magonjwa ya akili zaidi kuliko wengine, si pungufu. Lakini Cardiazol haikufa. Mpaka leo maabara zinawachoma panya dawa hiyohiyo ili kupima kama dawa mpya ya kifafa inafanya kazi.

Za leo tunazozijua wote:

Aisoniazidi, dawa ya TB. Inamaliza vitamini B6 mwilini, na bila B6 ubongo hautengenezi GABA ya kutosha. Mtu akimeza nyingi kupita kiasi anaanguka mfululizo, na dawa za kawaida za kifafa hazimtulizi vizuri mpaka apewe B6. Mkiona mgonjwa wa TB anapewa kidonge kidogo cha ziada, ndiyo B6 hiyo, asikitupe. Anakunywa hasa kwa ajili ya ganzi ya miguu, ila mjue na hili.

Tramadoli. Vijana wanaitafuna waendeshe bodaboda usiku kucha. Ukizidisha inaangusha, na wengine wameanguka kwa kiasi kisichotisha.

Dawa za kuua wadudu shambani, hasa zile zenye harufu kali za kupulizia nyanya na pamba. Zinazuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali nyingine ambayo seli zinatumiana, inajaa, ubongo unachocheka.

Pombe ni kinyume. Haiangushi unapokunywa, inaangusha unapoacha ghafla baada ya kuinywa miaka. Siku ya kwanza na ya pili ndizo mbaya.

Na penisilini, mtashangaa. Ukiipaka juu ya ubongo wa mnyama, anaanguka. Wanasayansi wameitumia hivyo tangu miaka ya 1940. Mgonjwa wa figo akipigwa dozi kubwa ya mshipa, inaweza kumpata hilohilo.

#11 Mwana wa Pemba
Mzee shikamoo. Kafuri ndiyo hii hii tunayowekea maiti?

#12 Mfamasia Mstaafu
Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo. Na imo pia kwenye marhamu za kupaka kifuani. Kunusa na kupaka kidogo mtu mzima hapati neno. Mtoto akila kipande anaweza kuanza kutikisika ndani ya muda mfupi sana, hata kabla hamjapata gari. Iwekeni juu ya kabati.

#13 Mswahili wa Toronto
Natia neno kutoka huku Kanada. Mwaka 1987 watu walikula kome kutoka kisiwa cha Prince Edward, zaidi ya mia moja wakaugua. Wengine walitapika tu, wengine wakaanguka kifafa, na waliobaki hai wapo waliopoteza kumbukumbu kabisa, anakusahau dakika chache baada ya kukusalimia. Wachache walikufa. Ilikuja kugundulika ni asidi ya domoiki, inatengenezwa na mwani mdogo usioonekana kwa macho, kome wanaula wanaukusanya. Umbo lake linafanana na glutameti, kwa hiyo inashika milango ya seli inayopokea ile glutameti aliyoitaja Madam na kuichochea bila kuachia. Mmoja wa waliopona, baada ya mwaka hivi, alianza kifafa cha kudumu. Hakula kome tena, ubongo ulikuwa umeshabadilika.

Mtoa mada hili lilinganishe na binamu wa Fundi Waya. Kichokozi kimoja, mara moja, kisha kimya cha miezi, kisha kifafa chenyewe.

#14 Siti ya Mbele
Supu ya kome nimeifuta kwenye ratiba.

#15 Mwana wa Pemba
Futa na pweza basi, utuachie sisi 😂 Kome wetu tunawala tangu tuzaliwe.

#16 Binti wa Mahenge
Habari zenu. Mimi natoka Ulanga, na uzi huu umenigusa mahali pabaya. Kwetu kifafa ni kingi kiasi kwamba daktari Louise Jilek-Aall, aliyekuja na asili yake ya Norwe, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta watu wana makovu ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni hakuna anayethubutu kumvuta. Wanaogopa povu na mate, wanasema yanaambukiza. Mdogo wangu ana kovu hilo mkononi mpaka leo.

Basi sisi hatukuchomwa sindano, hatukula kome, wala umeme haukuwepo. Wataalamu wanataja usubi, yaani minyoo inayoenezwa na inzi wadogo wa mitoni, wengine minyoo ya tegu kutoka kwa nguruwe inayopanda ubongoni, wengine uzazi mgumu na malaria ya utotoni. Hivyo vinaingia kwenye hesabu ya umeme au ya kemikali?

#17 Zamu ya Usiku
Dada pole, na pole kwa mdogo wako. Povu haliambukizi, hilo kila mtu humu alibebe.

Swali lako ni zuri kuliko la mtoa mada. Chukua tegu. Lava, yaani mtoto wa mnyoo huyo, akiwa hai ndani ya ubongo anaweza kukaa miaka kimya. Anapokufa ndipo kinga ya mwili inamgundua, panavimba, na mazingira ya seli zilizo jirani yanaharibika. Hapo ndipo mtu anaanza kuanguka. Ndiyo maana mgonjwa akipewa dawa ya kuua lava anapewa na ya kupunguza uvimbe, vinginevyo anaweza kuanguka zaidi kuliko kabla ya tiba. Kwa hiyo ni kemikali, ila imetengenezwa na mwili wako mwenyewe. Kuhusu usubi, uhusiano wake na kifafa unaonekana wazi kwenye vijiji vya kando ya mito, ila namna unavyofika kwenye ubongo bado wanavutana.

#18 Mtegua Mitego
Bado wanavutana. Nimesoma hapo tu.

#19 Madam Baiolojia
Na mganga wako yeye amekubaliana na nani?

#20 Fundi Waya
Sasa hapa ndipo ninapochoka. Kama umeme unaangusha, mbona nasikia hospitali wanawapiga watu umeme kichwani kama tiba? Eti Mtaliano mmoja aliona nguruwe wanauawa kwa umeme machinjioni Roma, akasema ngoja nijaribu kwa watu.

#21 Mfamasia Mstaafu
Fundi, nguruwe hawakuwa wanauawa kwa umeme. Walibanwa kichwani kwa koleo lenye umeme, wanaanguka kifafa na kupoteza fahamu, kisha ndipo wanachinjwa. Asiyechinjwa aliamka akaondoka zake. Hilo ndilo lililomvutia Ugo Cerletti: kumbe umeme wa kichwani unaweza kuangusha bila kuua. Aprili 1938 yeye na Lucio Bini wakamtibu mgonjwa wa kwanza. Hiyo ndiyo iliyoifukuza Cardiazol, maana kwa umeme fahamu inakwenda papo hapo, ile hofu haipo.

Na majaribio kabla ya hapo hayakuwa na huruma. Mwaka 1874, Cincinnati, Marekani, daktari Roberts Bartholow alimpata mgonjwa, Mary Rafferty, kansa imekula fuvu mpaka ubongo unaonekana. Akachomeka sindano za umeme ndani ya ubongo. Mama akasogeza mkono, akasikia kuchomachoma, akatabasamu. Bartholow akaongeza nguvu. Mama akalia, mkono ukakakamaa, akaanguka kifafa akapoteza fahamu. Alikufa siku chache baadaye. Madaktari wenzake walimlaani, na mimi namlaani mpaka leo.

#22 Zamu ya Usiku
Niongezee kwa alichoandika mzee. Siku hizi anayetibiwa hivyo analazwa usingizi, anapewa dawa ya kulegeza misuli, hivyo ukisimama pembeni unaweza kuona vidole vya mguu tu vinacheza. Ubongo uko kwenye kifafa, unauona kwenye mawimbi, kinakwisha chenyewe kwa kawaida chini ya dakika moja.

Jambo linalonishangaza: kadiri mgonjwa anavyorudiwa, kizingiti chake kinapanda. Safari zijazo unahitaji umeme zaidi kumwangusha. Ubongo unajifunza kujizuia.

#23 Kichwa Ngumu
Zamu ya Usiku nakuheshimu, lakini hapo nakukamata. Mwaka 1967 mtafiti Graham Goddard alionyesha kinyume. Panya waliwekewa waya ndani kabisa ya ubongo, sehemu ya amigdala, wakipigwa kidogo sana mara moja kwa siku. Siku za mwanzo hakuna kitu, panya anaendelea kula. Kisha anaanza kutafuna hewa, kisha kichwa kinatikisika, kisha mguu wa mbele, mwisho anasimama kwa miguu ya nyuma na kuanguka. Umeme ni uleule, haujaongezwa. Ukiendelea sana, panya wengine wanaanza kuanguka bila waya. Na ukimwacha wiki kadhaa ukarudi, hajasahau.

Kwa hiyo kwa panya kila pigo linashusha kizingiti, kwa wagonjwa wenu kila pigo linakipandisha. Nani mwongo?

#24 Madam Baiolojia
Hakuna mwongo. Panya alipigwa kidogo, kwenye kona moja ya ubongo. Wagonjwa wanaangushwa kifafa kizima kwa pigo moja, wiki chache tu. Pengine kichokozi kidogo kinaufundisha ubongo njia, na kikubwa kinaamsha ulinzi.

#25 Kichwa Ngumu
"Pengine" hiyo ndiyo ninayoizungumzia, Madam. Daktari William Gowers wa London alisema tangu 1881 kwamba kifafa kinazaa kifafa. Wengine wakamwunga mkono kwa panya wa Goddard. Lakini kwa binadamu wapo wanaoanguka mara mbili tatu maisha yao yote wakakoma hata bila dawa. Hao hawakufundishwa njia?

#26 Mswahili wa Toronto
Mimi naona mnashikilia GABA na glutameti kupita kiasi. Vipande vya ubongo wa panya vimeshawekwa kwenye maji yasiyo na kalisiamu. Bila kalisiamu seli haziwezi kutumiana kemikali kabisa, si glutameti wala GABA. Na bado vilifyatuka kwa pamoja, mawimbi makubwa yanayofanana na ya kifafa. Ina maana seli zinaweza kuburuzana kwa njia nyingine: potasiamu inayorundikana nje ya seli, au uga wa umeme wa jirani. Kichokozi cha kwanza kinaweza kuwa cha kemikali, ila kinachokisambaza kifafa kikawa potasiamu.

#27 Fundi Waya
Hii ya potasiamu naipenda. Inaeleza kwa nini inaendelea waya ukishatoka.

#28 Zamu ya Usiku
Inaeleza kuendelea, lakini haielezi kukoma. Kama potasiamu inarundikana na kuchochea zaidi, mbona kifafa kingi kinakatika chenyewe dakika ya kwanza au ya pili? Wengi hutaja adenosini: seli zikifanya kazi kupita kiasi zinaimwaga, nayo inazima. Ushahidi mmojawapo ni dawa za pumu za kundi la theofilini. Zinaizuia adenosini, na zikizidi zinaleta kifafa kigumu sana kukizima. Kafeini ya kwenye kahawa nayo inazuia hapohapo, iliwahi kutumika kurefusha kifafa kwenye tiba ya umeme. Wengine wanasema ni eneo hilo la ubongo kuwa na asidi. Kwenye chumba cha upasuaji hawasubiri nadharia. Ubongo uko wazi, mgonjwa yuko macho, daktari anagusa kwa elektrodi, ncha ya kupitishia umeme, kutafuta eneo la kifafa. Wilder Penfield alifanya hivyo Montreal miaka mingi, ubongo wenyewe hauumi. Mgonjwa akianza kuanguka, siku hizi wanamwagia maji ya chumvi ya baridi palepale juu ya ubongo, na mara nyingi kinakatika.

#29 Siti ya Mbele
Ndiyo maana muuza kahawa aliwafukuza kijiweni, aliona mbali.

#30 Mchunguzi wa Mbagala
😂😂 Ila Zamu, kahawa ya kijiweni inaangusha?

#31 Zamu ya Usiku
Vikombe vyako hapana. Mwenye kifafa asizidishe tu, na zaidi ya kahawa ni usingizi anaoukosa.

#32 Mwana wa Pemba
Na yule aliyeanguka mara moja kwa kafuri au kwa tramadoli, tumwite mwenye kifafa?

#33 Madam Baiolojia
Hapana. Kifafa chenye kichokozi kinachojulikana hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Kwa kawaida wanataka mtu aanguke mara mbili bila kichokozi, zikiwa zimepishana zaidi ya siku nzima, au mara moja huku vipimo vinaonyesha hatari kubwa ya kurudia.

#34 Binti wa Mahenge
Basi binamu wa Fundi Waya anahesabiwa. Fundi, anatumia dawa?

#35 Fundi Waya
Fenobabito, kila siku usiku. Akisahau anaanguka. Juzi alianguka stendi, watu wakamwekea kiatu puani na kijiko mdomoni, jino limevunjika.

#36 Binti wa Mahenge
Waambie wamlaze ubavu, wamwondolee vitu vya kuumia, mdomoni wasiingize kitu. Zikipita dakika tano hajaacha, hospitali. Na asiache dawa ghafla, kuacha ghafla nako kunaangusha.

#37 Kichwa Ngumu
Dada umesema kitu kikubwa bila kukusudia. Dawa inayotuliza, ukiiondoa ghafla, inakuwa kichokozi. Ni pombe ileile ya mzee. Sasa nadharia ya potasiamu inalielezaje hilo, Toronto?

#38 Mswahili wa Toronto
Huku ni saa tisa usiku. Nitakujibu kesho, usijipe ushindi.

#39 Mtegua Mitego
Saa za majini hizo.